Usonji: jeni au mazingira?
Ukiziweka sababu hizi mbili za usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo) kwenye mizani, upande wa jeni ndio mzito zaidi. Tazama mapacha wa kufanana: mmoja akiwa na usonji, mara nyingi na mwenzake anao, kwa wasiofanana hali hiyo hupungua sana. Utafiti wa 2019 katika nchi 5 ulikadiria mchango wa urithi kuwa takriban asilimia 80. Wala si jeni moja, ni mamia, na mabadiliko mengine huzuka kwa mtoto tu, wazazi hawana.

Mazingira yamo pia, hasa kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa: kuzaliwa njiti, au mama kutumia valproati, dawa ya kifafa, akiwa mjamzito. (Asiiache ghafla bila daktari!) Chanjo huleta usonji? Hapana. Makala ya 1998 iliyozua uvumi huo ilifutwa 2010.