Chujio la sahani 20: linang'arisha, ila baridi kwanza

Chujio hili nililipata mkono wa pili kwa Mtaliano mmoja wa hapa Malindi aliyekuwa akichujia divai. Sahani 20 za plastiki, karatasi za sentimita 20 kwa 20, pampu chini. Mimi napika bia lita 300 kwa mpigo, nyuma ya mkahawa wa dada yangu, upande wa Casuarina. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kuichujia kwa chujio hili.

Kung'arisha, linang'arisha. Chembe ya hamira ni kama mikroni 5 hadi 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), nami natia karatasi za mikroni 1. Weka gazeti nyuma ya glasi, utalisoma. Siku ya kwanza nilijiona fundi. Nikajaza chupa, nikazitia kwenye friji ya mkahawa. Asubuhi dada ananiita: "Hebu njoo uone maji yako ya mchele." Bia yote imeingia ukungu!

Kosa lilikuwa langu. Niliichuja ikiwa nyuzi 12. Protini za shayiri na tanini hushikana bia inapopoa sana. Ukiichuja kabla ya hapo zinapita kwenye karatasi bila kuonekana, halafu zinakuumbua ndani ya friji. Siku hizi nashusha tangi hadi nyuzi 1, likae siku tatu, nachuja ikiwa baridi hivyo hivyo.

Tena nikitia jelatini kidogo katika hizo siku tatu, ishike ukungu na kuuzamisha chini ya tangi, mara nyingi chujio silihitaji. Bia ya pipa, ya kunywewa hapa hapa, siichuji kabisa. Wateja wetu wengi wamekulia kwenye mnazi, na mnazi unanywewa kwa mrija wenye kichujio mwishoni. Ukungu kidogo utawashtua nini? Chujio nalitoa kwa chupa za hoteli tu.

Kero zipo. Linatona pembeni hata ulikaze vipi, kwa hiyo weka beseni, la sivyo utalala na sisimizi. Kila mpigo napoteza lita 12 hivi. Karatasi ni za mara moja na naziagiza Nairobi. Ladha ya boksi nayo huingia kwa njia mbili: karatasi usizozisuuza vizuri (maji ya kisima chetu yana chumvi, nanunua mengine), au hewa iliyobaki ndani. Toa hewa kwa gesi ya kaboni dioksidi kabla bia haijaingia.

Kuna aliyenishauri nitumie unga wa diatomu, yaani unga wa kuchujia unaotokana na magamba ya vijimea vidogo vya majini. Vumbi lake si la kuvuta puani, na chumba changu kina dirisha moja.

Kama pesa zinatosha kitu kimoja, nunua mashine ya kupoza tangi. Langu siliuzi, ila ukitaka kuliazima nitakupa pamoja na beseni lake.