Uanze na kiroba gani? Mwongozo wa kununua samadi na mbolea kwa bustani za Dar

Viroba kumi na viwili vya samadi ya kuku ndivyo vilivyoniunguzia mchicha wa kwanza niliopanda Kinyerezi. Muuzaji alivishusha kwenye guta vikiwa bado na joto, akanihakikishia: "Bosi, hii imeiva, we mwaga tu." Nikamwaga. Siku ya nne majani yalikuwa kama yamepitiwa na moto, na jirani yangu, mama mtu mzima asiyependa ugomvi, alikuwa ameshafunga madirisha yote ya upande wetu kwa harufu. Alipokutana na mke wangu bombani aliuliza tu, "Mmefuga nini siku hizi?"

Tangu hapo nimenunua karibu kila kitu kinachouzwa mjini hapa kwa jina la kurutubisha udongo. Huu ndio mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapotoa hela, kuanzia kinachostahili shilingi ya kwanza. Ni mpangilio wa Dar. Mtu wa Mbeya au Moshi akiufuata kama ulivyo atakuwa anatibu ugonjwa usio wake.

Kwanza ujue unanunulia udongo gani

Kigamboni, Mbagala, Chanika, Goba na sehemu kubwa ya Mbezi ni kichanga. Ukimwaga ndoo ya maji yanazama huku unaangalia, na kila kilichoyeyuka ndani yake kinazama nayo. Masika ya Machi hadi Mei yakipiga, naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani, uliyoinunua wiki iliyopita inashuka chini kuliko mizizi ya mchicha inavyofika. Mabondeni, kama Msimbazi na kando ya Mzinga, ni mfinyanzi unaoshika maji mpaka unanuka. Ukanda wa Msasani hadi Kunduchi una matumbawe chini, na matumbawe ni chokaa, kwa hiyo udongo wa juu yake mara nyingi una alkali, kinyume cha asidi.

Kama hujui wako ni upi, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, jaza udongo theluthi, ongeza maji na sabuni kidogo ya unga, tikisa, iache hadi kesho. Mchanga hutua ndani ya dakika moja au mbili, tope laini hufuata, mfinyanzi huja mwisho kabisa. Kwangu robo tatu ya tabaka ilikuwa mchanga. Hapo nikaelewa kwamba shida yangu haikuwa njaa ya mimea peke yake: kulikuwa hakuna chombo cha kuwekea chakula. Chombo hicho ni mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza, ndiyo maana mbolea ya dukani haipo juu ya orodha yangu.

Nafasi ya kwanza: samadi ya ng'ombe iliyoiva

Haina nguvu nyingi. Ikikauka, naitrojeni yake ni kama asilimia moja hadi moja na nusu, na wapo wanaoidharau kwa sababu hiyo. Lakini inaleta nyuzinyuzi nyingi zinazochelewa kuisha, na hicho ndicho kichanga kinachokililia. Naupa ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita tano za mraba, nachanganya na udongo wa juu kina cha kiganja, kila msimu. Ndoo hiyo kavu ni karibu kilo kumi, maana yake kilo mbili kwa mita ya mraba.

Wafugaji wa pembezoni, Pugu, Chanika na Kigamboni, wanaiuza kwa kiroba au kwa kirikuu nzima. Hapa ndipo mnunuzi anapopigwa, kwa sababu samadi ya zizi la sakafu ya udongo hukwanguliwa pamoja na ardhi. Umenunua mchanga kuongezea mchanga. Dawa yake ni rahisi: omba konzi moja, itie kwenye bilauri ya maji, koroga. Samadi huelea au hubaki imetanda, mchanga unakaa chini unang'aa. Kama kilichotua kinazidi robo ya ulichotia, bei ishuke au uondoke. Ile ya zizi la sakafu ya saruji huwa safi zaidi, hata ikiuzwa ghali kidogo nalipa.

Iliyoiva ina rangi ya kahawia iliyokolea, inavunjika mkononi, inanuka kama udongo baada ya mvua. Chomeka mkono katikati ya lundo, siyo juu ambako jua limekausha. Ukikuta joto, bado inapikwa. Ukikuta vipande vya mavi vyenye umbo lake, inunue kama una nafasi ya kuilaza miezi mitatu. Kama huna, iache.

Tena usipuuze hili kwa ajili ya tumbo. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 zipite kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Mchicha wetu unang'olewa wiki ya tatu au ya nne. Hesabu haikubali, basi kwenye mboga za majani samadi mbichi haina nafasi hata kidogo.

Nafasi ya pili: samadi ya kuku, lakini siyo kama nilivyofanya mimi

Hii ndiyo yenye nguvu. Naitrojeni yake hufika mara mbili au zaidi ya ile ya ng'ombe, na Dar ina mabanda kila mtaa, kwa hiyo usafiri ni mdogo. Ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa na mambo matatu.

La kwanza ni amonia, gesi kali inayonuka na kuunguza majani, na hilo nimeshalisimulia. Lowesha lundo, lifunike turubai, ligeuze kila wiki kwa wiki sita hadi nane mpaka joto lipotee na harufu ikatike.

La pili ni matandiko. Kuku wa nyama hulazwa juu ya maranda au maganda ya mpunga, na kuku wenyewe wanakaa bandani wiki tano au sita tu. Banda likifagiliwa, kiroba kinaweza kuwa maranda yaliyonusa mavi. Maranda yakioza huazima naitrojeni kutoka kwenye udongo, mimea inageuka manjano wakati wewe unajisifu umeweka mbolea. Fungua kiroba, mwaga kidogo kwenye gazeti: ukiona mbao nyeupe ni nyingi kuliko uchafu, hiyo ni bei ya maranda. Ya kuku wa mayai, waliokaa bandani muda mrefu, huwa nzito na bora zaidi.

La tatu watu wengi wa hapa hawaliwazi: chumvi. Samadi ya kuku ina chumvi nyingi, na visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi. Ukimwagilia kisima na kuweka samadi ya kuku kwa wingi, ncha za majani zinakauka na ukoko mweupe unatokea juu ya tuta. Kama maji yako ya kisima hayafai hata kwa chai, punguza kuku, ongeza ng'ombe.

Kipimo changu ni nusu ya kile cha ng'ombe: ndoo moja kwa mita kumi za mraba. Mabanda mengi husafishwa sikukuu zikipita, kuku wakiwa wameshauzwa. Ukipiga simu baada ya Idi au Krismasi una nguvu ya kupatana.

Nafasi ya tatu: mboji ya viroba

Ikiwa ni mboji kweli, ni nzuri kuliko zote mbili, kwa sababu imeshaiva na haina vurugu. Nimeishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu ya bei. Kwa vyungu vya barazani, miche na ghorofa za Upanga ambako hakuna pa kulaza lundo la mavi, nunua bila kujuta. Kwa robo eka utafilisika.

Uliza mabaki yametoka wapi. Mboji ya taka za sokoni, majani na matunda, sawa. Mboji ya taka za mji zisizochambuliwa, au udongo mweusi uliochotwa karibu na dampo, siiweki kwenye kitu kitakachoingia sufuriani hata nikipewa bure. Betri, rangi na vyuma huacha risasi na metali nyingine nzito, na hizo hazioziki. Watafiti wamepima mboga zinazolimwa bonde la Msimbazi mara kadhaa na kukuta metali hizo. Basi kinachotoka kwenye udongo wa namna hiyo kiende kwenye maua.

Kipimo cha mwisho ni maharage. Jaza mkebe mmoja mboji yako na udongo nusu kwa nusu, mwingine udongo mtupu, panda punje tano tano. Baada ya siku kumi miche ya mboji ikiwa imejikunja au haijaota, hiyo haijaiva au ina kitu. Muuzaji wa kweli atakupa konzi ya kujaribia.

Nafasi ya nne: mfuko wa dukani

Hapa ndipo wengi wanaanzia, na siwalaumu, kwani mfuko mmoja wa Urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kupata kiasi hicho kwa samadi ya kuku utahitaji karibu tani moja. Nani ana pa kuishushia? Lakini kwenye kichanga kitupu Urea ni mshahara wa mtu mwenye madeni, unapita tu. Weka samadi kwanza msimu mmoja au miwili, ndipo ununue mfuko, na uupige kidogokidogo: mara mbili au tatu, siyo wote siku moja kabla ya mvua.

Kwa bustani mchanganyiko nachukua NPK 17-17-17, yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa usawa, nikipandikiza nyanya, pilipili au bamia, kisha CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, kwa kukuzia. DAP, yenye asilimia 18 ya naitrojeni na 46 ya fosfati, ni ya kupandia mahindi shambani Mkuranga au Bagamoyo. Kwa matuta mawili ya matembele ni anasa. Minjingu, fosfati inayochimbwa Manyara, huachia polepole na hupenda udongo wenye asidi. Juu ya matumbawe ya Kunduchi itakaa kama jiwe lilivyo.

Mbolea ya kupima, ile inayochotwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa, ndipo udanganyifu unapoishi. Nunua mfuko ulioshonwa kiwandani, wenye jina la mtengenezaji, uzito na viwango vya virutubisho, kwenye duka linalotambuliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Ukilazimika kununua kilo mbili, tia kijiko cha Urea kwenye glasi ya maji: inayeyuka yote na glasi inapoa mkononi. Ikibaki mashapo, au glasi isibadilike, umeuziwa kitu kingine. Mwenye shamba aulize pia kuhusu ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/2023. Ni ya wakulima waliosajiliwa.

Vya kupita

Udongo mweusi wa kando ya barabara unapendeza macho. Mara nyingi umechotwa bondeni, na unakuja na ndago, ile nyasi yenye viazi vidogo ambayo ukishaikaribisha utahama wewe ikae yenyewe. Unaweza pia kuja na minyoo fundo, na nyanya zako zikadumaa huku mizizi imejaa vinundu. Nauchukua kwa vyungu vya maua tu.

Chokaa usinunue kwa sababu jirani kanunua, hasa ukiwa karibu na bahari. Majivu ya jikoni vilevile, kidogo tu. Busta za majani za kwenye chupa, mbolea za maji za kunyunyizia, ni kama juisi kwa mtu asiyekula chakula. Zina siku yake, lakini siyo kwako unayeanza.

Vya bure, au karibu na bure

Muuza mkaa wa mtaani ana chenga asizojua pa kuzitupa. Zilaze kwenye samadi inayoiva, zinyonye mkojo na unyevu, kisha changanya kwenye tuta. Zinashika maji na hazioziki upesi. Makumbi ya nazi nayo ni mazuri, lakini yaliyolowekwa pwani kwa ajili ya kamba yana chumvi. Yasuuze mara tatu kwa maji yasiyo na chumvi. Na matandazo, nyasi kavu au majani ya mgomba juu ya tuta, yataokoa sehemu kubwa ya faida ya samadi yako kwa jua letu la Januari.

Kuhusu kupima udongo maabara: kwa matuta ya uani, chupa na maharage vinatosha. Ukiwa na eka na unakusudia kuuza, peleka sampuli kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI Mlingano, Tanga, au Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, Morogoro. Chota sehemu kumi hadi kumi na tano, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo. Usichote palipokuwa na moto wala kando ya zizi.

Nunua Februari, kabla masika hayajaanza. Samadi kavu ni nyepesi, kirikuu linapanda njia ya Goba bila kukwama, na hulipii maji kwa bei ya mbolea. Hesabu viroba vikishuka, siyo vikipakiwa. Lundo liwe mbali na ukuta na mlango wa mbao, juu ya turubai, kwa sababu mchwa wa Dar hawachagui kati ya mavi ya ng'ombe na fremu ya dirisha. Na kabla ya guta kuondoka, fungua kiroba kimoja mbele ya kijana aliyekileta, uchomeke mkono.