TAHADHARI: Sufuria za shaba "za Maxim's" ni bandia

Ndugu zangu mlioko Ufaransa na Ubelgiji, hasa mnaopenda vyombo vya kale: kuna mtu anatembeza mtandaoni seti ya sufuria tano za shaba nyekundu. Anadai zimetoka jikoni mwa Maxim's, ule mgahawa wa rue Royale, Paris, na kwamba zilikuwamo tangu ulipofunguliwa mwaka 1893. Msimpe hata senti. Mimi nimeshampa euro 480.

Bibi yangu Mombasa alipikia shaba, na nakumbuka fundi akizitia kalai (madini meupe yanayopakwa ndani ya sufuria ya shaba) sufuria zake mpaka ndani zinang'aa. Nilitamani kitu cha namna ile jikoni kwangu, na picha zikanimaliza. Ubavuni zimegongwa herufi za mgahawa. Hilo peke yake si ajabu: migahawa na hoteli za zamani ziligonga herufi kwenye sufuria ili zikipelekwa kwa fundi wa kalai zisichanganyike na za wenzao. Huyu tapeli anaijua kazi, ndiyo maana ni hatari.

Mzigo ulipofika, niliinua sufuria ya kwanza nikajua nimeliwa. Sufuria ya shaba yenye upana wa sentimita 20 na unene wa milimita 3 inakaribia kilo 3 pamoja na mkono wake wa chuma. Hii ilikuwa gramu 900. Nikaweka sumaku, ikanasa. Nilipomwandikia akajibu, "Mkono ni wa chuma, lazima inase." Lakini mimi niliiweka kwenye kitako! Shaba hainasi sumaku. Hicho ni chuma chembamba kilichopakwa shaba juu.

Chapa nayo inasema "Made in France". Chombo kilichotengenezwa Ufaransa kwa jiko la Paris kiandikwe Kiingereza cha nini? Chapa hiyo ni ya bidhaa za kuuzwa nje. Ilikuwa kwenye picha tangu mwanzo, sikuitilia maanani.

Kilichoniudhi zaidi ni ndani. Alisema zimetiwa kalai upya. Nikachemsha maji ya ndimu katika moja, na ule weupe ukabanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta. Kalai halisi haiyeyuki mpaka nyuzijoto 232, na maji yanayochemka hayafiki huko. Fikiria ningewapikia watoto mchuzi wa nyanya humo.

Malipo aliyataka kwa PayPal, nimtumie kama rafiki, eti tukwepe makato. Ukilipa hivyo ulinzi wa mnunuzi haupo. Nimeuliza, nimejibiwa hivyo. Kisha yule tapeli akanifungia mawasiliano.

Ukikutana na seti ya aina hii, mwombe picha ya kila sufuria ikiwa juu ya mizani, na video ya sumaku ikigusa kitako. Mimi nilimwomba picha ya ribiti (misumari inayoshikilia mkono) kwa karibu, akanitumia ya sufuria nyingine kabisa nikanyamaza. Msinyamaze.

Jana usiku picha zilezile zimerudi kwa jina jingine la muuzaji. Sasa zinaitwa za hoteli ya Lyon, na bei ni euro 620. Tazameni ya pili kutoka kushoto, ina kibonyeo kando ya mkono. Sufuria hiyo iko mezani kwangu hivi sasa ninavyoandika.