Kiangazi kizima na kamera ya kuongoza darubini: uzoefu wangu, Lubumbashi

Nilianza kutumia seti hii mwezi wa tano, na sasa ni mwezi wa tisa. Inafanya kazi, na hela yangu sijutii. Lakini wiki za mwanzo niliilaumu bure, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye mizani, yaani jinsi nilivyosawazisha uzito wa darubini, na kwenye miguu yake.

Vifaa vyenyewe ni hivi: darubini ya lenzi ya milimita 72 yenye urefu wa fokasi wa milimita 420, maunti ya ikweta (kishikio chenye mota kinachoizungusha darubini ifuate nyota) niliyonunua ikiwa imeshatumika, darubini ndogo ya milimita 50 iliyofungwa mgongoni, na nyuma yake kamera ya ZWO ASI120MM Mini. Programu ni PHD2, ya bure. Kamera ndogo inakodolea nyota macho, kila baada ya sekunde mbili programu inapima nyota imesogea kiasi gani, kisha inaamuru mota irekebishe. Anga inapita juu yetu kwa sekunde 15 za pembe katika kila sekunde ya saa (digrii moja ina sekunde 3,600 za pembe), na gia za maunti haziwezi kufuata mwendo huo bila kuyumba. Kabla ya kuwa na seti hii, kamera ikipokea mwanga wa picha moja kwa zaidi ya sekunde 30, nyota zangu zilirefuka kama punje za mchele.

Maelekezo mengi ya maunti yameandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani. Yanasema tafuta Nyota ya Kaskazini, ili mhimili wa maunti uelekee ncha ya anga, mahali ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka. Huku kwetu haionekani kabisa. Ncha ya kusini ya anga iko digrii 11.7 tu juu ya upeo wa macho, ndani ya vumbi na moshi, na nyota ya Sigma Octantis iliyo jirani yake ina mwangaza wa 5.4 (namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu), yaani hata penye giza zuri unaitafuta kwa shida. Kilichonisaidia ni kifaa kilichomo ndani ya PHD2 cha kupima nyota inavyoteleza. Unapima nyota iliyo juu, karibu na ikweta ya anga (mstari ulio katikati ya ncha mbili za anga), unarekebisha kushoto na kulia. Kisha unapima iliyo chini mashariki au magharibi, unarekebisha kupanda na kushuka. Mara ya kwanza ilinichukua saa mbili, sasa nusu saa inatosha.

Halafu mguu. Maunti ikiinamishwa hadi digrii 11.7, uzito wa mizani unaning'inia karibu sana na mguu wa kusini, na usiku mmoja uliugonga picha ikiendelea. Nilienda kwa fundi wa kuchomea vyuma commune ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, akanitengenezea bomba la sentimita 20 la kuinua maunti. Nilipomwambia ni la kutazamia nyota, alirudia kukata ncha zote mbili mpaka zikakaa sawa kabisa. Namshukuru sana.

Mizani ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilikuwa nasawazisha darubini tupu, halafu naongeza kamera na waya. Sivyo. Funga kila kitu kwanza, toa kifuniko cha lenzi, weka fokasi mahali pake, ndipo ulegeze mhimili mmoja baada ya mwingine. Fimbo ya uzito ilale sawa na ardhi, sogeza uzito mpaka ukiachia mkono isishuke wala kupanda. Kisha sogeza darubini mbele au nyuma vivyo hivyo. Mwishoni sogeza uzito kidogo tena ili upande wa mashariki uwe mzito kwa nywele tu: hapo mota inasukuma mzigo muda wote, meno ya gia yanagusana bila kuachia. Nyota ikishavuka katikati ya anga na darubini ikageuzwa, mashariki inakuwa upande wa pili, kwa hiyo uzito nao usogezwe. Nilipoanza kufanya hivyo, kosa la jumla la kufuata nyota kwenye grafu ya PHD2 lilishuka kutoka sekunde 3 za pembe hadi 1.1.

Lalamiko langu ni moja. Pete zinazoshika darubini ndogo zina skrubu zenye ncha za plastiki, nazo hulegea. Grafu ilikuwa imenyooka, huku nyota kwenye picha zikivutika! Darubini ndogo ilikuwa inajipinda peke yake, inafuata nyota vizuri huku ile kubwa ikibaki nyuma. Nilizibadilisha kwa pete za chuma na tatizo likaisha.

Mwezi wa saba, shambani kwa mjomba njia ya Kipushi, baridi kali na betri ya gari pembeni, nilipiga picha Nebula ya Lagoon, wingu la gesi angani, ikiwa juu sana kichwani. Picha 40 za dakika tatu, 34 zikawa nzima. Nyota zilikuwa duara mpaka pembeni, na ule wekundu ulitoka kwa mara ya kwanza. Mjomba alikuja na makaa ya kuotea moto, akaangalia kioo cha kamera muda mrefu bila kusema neno.

Ukitaka kununua na uko Lubumbashi, kwanza soma skeli ya latitudo kwenye maunti yako, ile ya digrii za kuinamisha mhimili kulingana na umbali wako kutoka ikweta. Kama haishuki chini ya digrii 15, kamera isubiri. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma, walio digrii 2.5 na 1.7 tu kusini mwa ikweta, waliangalie hilo mara mbili.