Kamera za mtego msituni: mwanga mweupe au infraredi?

Kwa mkazi wa Bukavu anayetaka kutumia kamera ya mtego, yaani inayofungwa mahali na kupiga picha yenyewe mnyama anapopita, kuwapiga picha wanyama wa misitu ya mlimani, kama ile ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970, jambo la kuamua kwanza ni mwanga wa usiku. Kamera ya mwanga mweupe hutoa picha za rangi, na rangi husaidia sana kutofautisha paa wadogo wanaofanana kwa umbo. Lakini mmweko wake huweza kumshtua mnyama, tena humwonyesha mwizi mahali ilipofungwa. Ya infraredi, hasa ya urefu wa wimbi wa nanomita 940, mwanga wake hauonekani kwa macho ya binadamu, ingawa picha zake za usiku hazina rangi. Mimi ningechagua hii. Kwa ndege wa mchana tofauti hiyo haina uzito: kamera isogezwe karibu, kwa kuwa kihisi kinachoiwasha hutegemea joto la mwili unaosogea, na mwili wa ndege ni mdogo.