Kadi ya diski kwa seva ya mashine pepe: ulizia foleni kabla ya bei

Mwaka jana nilinunua hapa Arusha kadi iliyotumika ya kuunganisha diski, kwa ajili ya seva ya ofisi yenye mashine pepe nne (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva moja), na muuzaji, ambaye sitamtaja, aliniapia kwamba kadi hizi zote ni zilezile. Kwa wiki tatu, kila ilipofika saa mbili na nusu asubuhi na wahasibu kufungua mfumo wao, mashine zote nne zilizubaa kwa pamoja ilhali prosesa na kumbukumbu havikuwa na kazi ya maana. Nikailaumu adapta pepe, yaani kadi ya diski ya kiprogramu ambayo kila mashine pepe huiona kama yake. Nilitumia Jumamosi nzima kuzihamisha mashine hizo kutoka aina moja ya adapta hiyo, LSI Logic SAS, kwenda nyingine, PVSCSI, ambayo kwa kawaida hubeba maombi 64 kwa kila diski badala ya 32, na Jumatatu hali ikawa ileile.

Tatizo lilikuwa kwenye kadi yenyewe. Kila kadi ina kina chake cha foleni, yaani idadi ya maombi ya kusoma na kuandika inayoweza kuyashika kwa wakati mmoja, na yanayozidi hapo husubiri nje hata kama diski zenyewe zina nafasi. Mashine nne zenye diski moja moja ya PVSCSI zinaweza kutuma maombi 256 kwa mpigo. PERC H310 ya Dell, ikiwa na programu yake ya kiwandani, hushika 25 tu, wakati LSI 9211-8i, iliyojengwa kwa chipu ileile ya SAS2008, hushika 600. Ndiyo maana mwaka 2014 VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, iliiondoa H310 kwenye orodha ya vifaa vinavyokubalika kwa vSAN, mfumo wake wa kuunganisha diski za seva kadhaa kuwa hifadhi moja. Kadi mbili zenye chipu moja na matundu sawa zinatofautiana mara 24, na tangazo la muuzaji halikuambii lolote.

Nakiri kwamba naipendelea LSI, ambayo leo iko chini ya Broadcom, na upendeleo huo umo katika mpangilio huu wa kadi tatu ninaoutoa hapa chini.

Ya kwanza kwangu ni LSI 9300-8i. Ina kasi ya gigabiti 12 kwa sekunde na haina betri ya kufa, na inawafaa hasa wanaohamia Proxmox (programu nyingine ya kuendesha mashine pepe), ambao wameongezeka tangu mauzo ya leseni za kudumu za VMware yasitishwe Desemba 2023. ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili unaotumika kwenye Proxmox, hutaka kuziona diski moja kwa moja, na kadi hii inaziacha zionekane. Ukiifunga kwenye seva ya Proxmox, chagua adapta pepe ya VirtIO SCSI single na uiwekee kila diski uzi wake wa kazi (IO thread). Kwa Windows, andaa mapema diski ya madereva ya VirtIO, la sivyo usakinishaji hautaiona diski yoyote.

Anayebaki na ESXi, programu ya VMware ya kuendesha mashine pepe, bila vSAN anahitaji kadi inayofanya RAID yenyewe, yaani inayoziunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data isipotee, na hapo naweka ya pili PERC H730P, yenye kashe (kumbukumbu ya muda) ya gigabaiti 2 na foleni ya 895. Iulizie betri yake, kwa sababu kadi nyingi zilizotumika huuzwa na betri iliyochoka, na betri ikifa kadi huacha kuhifadhi maandishi kwenye kashe, nawe utabaki na mwendo wa diski peke yake. Kwa umeme wetu unaokatika bila taarifa, usikubali kuilazimisha kashe ifanye kazi bila betri.

Ya tatu ni 9211-8i, ya gigabiti 6, kwa mwenye mfuko mwepesi. Kadi za SATA zisizo na jina sizipangi kabisa.

Kabla ya kulipa, omba kadi iwashwe kwenye seva yenye ESXi, fungua esxtop (programu yake ya vipimo), bonyeza d, kisha washa safu za takwimu za foleni na usome AQLEN, yaani kina cha foleni cha kadi. Kazi hiyo haizidi dakika kumi. Msomaji mmoja wa Moshi ameniandikia kwamba aliomba hivyo akaambiwa kama haamini aende Kariakoo, na mimi mwenyewe nimewahi kujibiwa kwamba kuwasha kadi ni gharama ya mteja. Kanuni za mwaka 2025 zilikataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, lakini baadhi ya wauzaji bado wanapiga hesabu ya dola kichwani na kukutajia shilingi inayobadilika kati ya asubuhi na alasiri, kwa kadi ileile iliyokaa rafuni mwezi mzima. Kisha kebo huuzwa kando: 9211-8i hutumia SFF-8087 na 9300-8i hutumia SFF-8643, haziingiliani, na mara mbili nimeuziwa isiyo yake.