Mezcal ya mama wa Matatlán: nyota nne

Nilifika Oaxaca, Meksiko, kwa ziara ya mezcal, pombe kali ya mmea wa agavi, nikiamini kwamba kwenye mezcal kazi ya mwanamke ni kubandika lebo na kuuza chupa. Mwenyeji wetu wa Santiago Matatlán, mama wa makamo mwenye kitambaa chekundu kichwani, hakubishana nami. Alifyonza mezcal kwa mwanzi, akaiachia imwagikie kibuyuni, akainama kutazama viputo. Vikikaa kama shanga, ukali umefika kiasi. Vikitoweka mara moja, bado kuna kazi. Mashine ya kupimia anayo, ila ilikuwa na vumbi.

Agavi ya espadín, jamaa wa mkonge, hukaa shambani miaka 6 hadi 8 hivi, kisha huokwa shimoni juu ya mawe ya moto kwa siku kadhaa. Hapo ndipo moshi unapoingia. Nilionja tatu: ya kwanza moshi mtupu, ya pili nimeshaisahau, ya tatu ya tobalá, agavi ya porini, ilinyamazisha meza nzima.

Mama alianza kazi hii utotoni, lakini chupa zilibeba jina la baba, halafu la mume. Sasa zina lake. Hayuko peke yake: kule Santa Catarina Minas, Graciela Ángeles anaongoza Real Minero, watengenezaji wa mezcal, wanakokeneka kwa vyungu vya udongo.

Nyota moja nimemnyima dereva wa ziara. Alipiga honi mama akiwa katikati ya maelezo ya uchachushaji, na nilikuwa na maswali mawili bado.